Mafaili Mazito ya Mwalimu Mkuu

Fundi Masikio hakupewa jina hilo kwa sababu ya ukubwa wa masikio yake, ingawa nayo hayakuwa madogo. Alipewa kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alitengeneza redio, ampu na spika za watu bila kupima kwa mashine yoyote. Ukimletea spika inayokwaruza, ataiwasha, atafumba macho, ataweka kiganja juu ya karatasi ya spika, atasikiliza kidogo, kisha atakwambia kilichoharibika ndani yake. Ukimtania kwamba anabahatisha, ataifungua mbele yako na kukuonyesha. Watu walisema yule bwana anasikia mpaka mchwa wakitafuna mlango wa jirani. Hiyo ilikuwa kutia chumvi, lakini yeye hakukanusha, na tuseme kweli, kichwa kilikuwa kinamvimba.

Sasa haya yaliyomkuta, mimi nikiyakumbuka mwili hunisisimka.

Yalianza kwa vitu kutoweka kimoja kimoja. Kwanza ilikuwa saa yake ya mkononi, ambayo ililia kila ilipofika saa kamili. Siku moja ikanyamaza. Akasema betri imekwisha, akaweka nyingine, saa ikabaki kimya vilevile. Akaitupa kwenye droo ya kabati kwa hasira, na humo kwenye droo saa ya watu ikaendelea kulia kila saa kama kawaida yake. Mkewe aliisikia.

Halafu wakatoweka nyenje.

"Mwaka huu nyenje hawakuja," alimwambia mkewe jioni moja wamekaa mlangoni.

Mkewe alikuwa anashona kifungo cha shati. Akaacha sindano ndani ya kitambaa. Nje, nyenje walikuwa wanapiga kelele mpaka unatamani kuwarushia kiatu.

"Baba watoto," akasema taratibu, "twende ukapimwe masikio."

"Nipimwe mimi? Mimi ndiye ninayepima!"

"Nyenje wapo."

"Basi wako mbali."

"Wako hapo ukutani."

Fundi akainuka akaingia ndani, na hayo mazungumzo yakaishia hapo. Lakini mkewe hakuwa mtu wa kujitia hamnazo. Kila wiki alikumbusha, na kila wiki mumewe alipandisha hasira. Mumewe akiambiwa hospitali, alichokiona ni karatasi. Daktari angeandika kwenye karatasi kwamba masikio ya Fundi Masikio yanakufa, na kitu kikishaandikwa kinatembea. Leo anajua daktari, kesho anajua muuza vocha, keshokutwa mtaa mzima unacheka. Nani atampelekea redio fundi kiziwi? Angefanya kazi gani, mtu wa miaka hamsini na mbili, asiyejua kingine duniani ila sauti?

Kwa hiyo akanyamaza, akaendelea na kazi. Na huko kazini ndiko alikofanya la kufanya.

Spika ya nyumbani huwa na sehemu mbili au tatu. Ile kubwa ya chini inatoa ngoma na gitaa la besi. Ile ndogo ya juu, twita, inatoa sauti nyembamba zote: matoazi, filimbi, pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza kuimba. Nyuma ya twita kuna rizista ndogo, imewekwa hapo kuizuia isipige kelele kupita kiasi. Mwaka ule, kila spika iliyoingia kwenye karakana ya Fundi Masikio, yeye aliziona twita zake dhaifu. Zilikuwa hazilii, zimekuwa kama zimefunikwa blanketi. Akawa anaitoa ile rizista na kuunganisha waya moja kwa moja, mpaka asikie kitu. Mwenye spika akija, anaambiwa, "Twita zako zilikuwa zimechoka. Nimeziamsha."

Sitamtetea. Mtu akiona twita moja imechoka, sawa. Akiona mbili, sawa. Lakini twita za mtaa mzima zichoke mwaka mmoja? Fundi alijua. Alijua kule ndani kabisa, mahali ambapo mtu hapendi kwenda na taa, na kila alipochomoa rizista mkono wake ulikuwa mzito. Aliitoa hivyohivyo.

Alhamisi moja asubuhi akaja Mwalimu Mkuu. Huyu alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mzee mpole, mpenzi wa muziki kuliko chakula, na spika zake zilikuwa zimepita mikononi mwa Fundi miezi minane iliyopita.

"Fundi wangu, nakuhitaji Jumamosi alasiri nyumbani," akasema, akiwa hata hajakaa. "Uje uamue kesi."

"Kesi gani tena, Mwalimu?"

"Nimenunua muziki mpya. Si huu wa kawaida. Ni mafaili mazito, yale ya ubora wa juu. Wimbo mmoja unajaza nafasi ya nyimbo kumi! Kila kitu kilichokuwa studio kimo humo. Sasa shemeji yangu anasema nimetapeliwa. Anasema hakuna binadamu anayesikia tofauti kati ya faili zito na jepesi. Binti yangu ametengeneza mtihani. Tutapigiwa bila kuambiwa lipi ni lipi, na kila mtu anaandika. Nikamwambia shemeji, kama ni masikio, mimi ninaye mtu."

Fundi alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka mezani polepole.

"Jumamosi nina kazi nyingi, Mwalimu."

"Ala! Kazi gani? Ni saa moja tu. Nimeshawaambia unakuja."

Angekataaje? Kukataa ni kama kukiri. Akasema atakuja, Mwalimu akaondoka anapiga mluzi, na Fundi hakuusikia mluzi wenyewe. Aliona midomo ya mzee imechongoka tu. Akakaa kwenye stuli na asubuhi ile yote hakufungua redio hata moja.

Ijumaa hakula vizuri. Mkewe alimuuliza ana nini, akasema tumbo. Alijifungia karakanani, akaweka wimbo mmoja, akapandisha sauti, akashusha, akageuza sikio la kulia, akageuza la kushoto. La kushoto lilikuwa na mlio wake lenyewe siku hizo, mlio usiokatika, unaotoka kichwani na si kwenye spika. Akajaribu kuliziba kwa kidole. Mlio ukazidi. Akaogopa, jamani. Mtu mzima na mvi zake alisimama katikati ya karakana yake akiogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Jumamosi ikafika. Sebule ya Mwalimu ilikuwa pana, makochi yamesogezwa, viti vinne vimepangwa mstari mmoja vikitazama spika mbili ndefu. Mke wa Mwalimu, ambaye wote walimwita Mama, alikuwa kwenye kiti cha pembeni karibu na mlango. Shemeji, kaka yake Mama, mtu wa tumbo na utani, alikuwa tayari ameshika karatasi na kalamu.

"Huyu ndiye hakimu?" akauliza Shemeji. "Karibu, fundi. Tunaambiwa wewe unasikia mpaka mawazo ya mtu."

"Mawazo yako hayahitaji sikio, yanaonekana," Fundi akajibu, wakacheka, na yeye akashangaa kwamba bado anaweza kutania.

Binti wa Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi mitambo kwenye kituo cha redio, mkimya, macho hayakosi kitu. Alikaa nyuma yao na kompyuta ya mapajani ili wasimwone uso.

"Kwanza niwaambie," akasema. "Baba alipokuwa anajaribu mwenyewe, faili zito lilikuwa na sauti kubwa kidogo kuliko jepesi. Kidogo sana, lakini sikio likipewa sauti kubwa zaidi linaona ndiyo nzuri. Kwa hiyo nimezisawazisha. Na jepesi nimelitoa kwenye hilohilo zito, ili isiwe rekodi mbili tofauti. Mtasikia kipande kilekile mara mbili. Andikeni lipi ni zito, la kwanza au la pili. Mara ishirini. Hakuna kutazamiana."

Wakaanza. Ulikuwa wimbo wa bendi, wenye tarumbeta na kinanda na mama mmoja anayeimba kwa sauti ya chini. Fundi akafumba macho kama kawaida yake. Kipande cha kwanza. Kipande cha pili. Alitafuta tofauti kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni, na hakuipata. Tarumbeta ile ile, kinanda kile kile. Na matoazi? Wimbo wa bendi bila matoazi? Alijua yapo. Hakuyasikia kwenye la kwanza wala kwenye la pili. Akaandika "la pili".

Akaandika hivyo mara ishirini, la kwanza, la pili, la pili, la kwanza, kama anayejaza fomu ya bahati nasibu. Alikuwa na hakika mkononi mwake ameshika cheti cha kifo cha jina lake.

Binti akakusanya karatasi. Akazisahihisha moja moja.

"Baba, tisa kati ya ishirini," akasema. "Mjomba, kumi na mbili. Mama, kumi na moja. Fundi, kumi."

"Maana yake nini?" akauliza Mwalimu.

"Maana yake mngerusha sarafu juu mngepata hivyohivyo. Hakuna aliyesikia tofauti."

"Nilisema!" Shemeji akaruka kwenye kiti. "Nilisema mimi! Hayo mafaili yanauzwa kwa popo! Popo ndio wanaosikia huko juu, na popo hawana stirio!"

"Hata fundi?" Mwalimu akamgeukia, uso umemwanguka. "Hata wewe hukusikia?"

Na hapo, ndugu zangu, Fundi Masikio akapata afueni ambayo hajawahi kuipata maishani. Hakuna aliyesikia! Si yeye peke yake! Mzigo wa mwaka mzima ulimshuka, akacheka kwa sauti mpaka Mama akamtazama.

"Mwalimu, hakuna cha kusikia hapo," akasema, kifua mbele. "Kama kipo, mimi ningekisikia."

Angechukua kofia yake akaaga dakika ile, mambo yangeishia hapo. Lakini Mwalimu alikuwa bado ana jambo.

"Basi mimi sielewi," akasema mzee. "Nilinunua haya kwa sababu muziki wangu ulikuwa umeharibika. Wa kawaida ulianza kunichoma masikio. Unakwaruza, unatoboa. Mama yenu hakai tena hapa nikipiga. Nikasoma kwamba mafaili mepesi ndiyo yanayofanya hivyo, yanakatwakatwa sauti. Nikanunua mazito ili tupone. Hatujapona."

"Mepesi hayafanyi hivyo, baba," Binti akasema. Akazitazama zile spika ndefu. "Labda ni spika. Ngoja niwapigie sauti moja tupu, inaanza chini inapanda taratibu mpaka juu kabisa. Kila mtu anyanyue mkono. Ukiacha kuisikia, shusha. Tutajua spika zinafika wapi."

Fundi akatazama mlango. Mama alikuwa ameketi karibu nao, na kupita pale bila kuulizwa kulikuwa hakuwezekani. Akanyanyua mkono pamoja na wenzake na kufumba macho.

Sauti ikaanza, nene, kama ng'ombe anayelia mbali. Ikapanda. Ikawa kama filimbi ya refa. Ikapanda tena, ikawa nyembamba, nyembamba kama uzi, Fundi akaufuata uzi huo kwa nguvu zake zote, akaukaza, ukakatika.

Kimya. Mlio wake wa kushoto tu.

Ilikuwa mapema mno. Alijua ni mapema mno. Mwalimu ana miaka sitini na nane, hawezi kuwa ameshusha mkono bado. Akishusha yeye wa kwanza, amekwisha. Basi akapiga hesabu yake. Atangoja. Mwalimu akishusha mkono kiti chake kitalia, kile kiti cha mbao kinalia mtu akijitikisa tu. Akisikia kiti, atahesabu mpaka tano, halafu na yeye atashusha. Akatulia, mkono juu, uso mtulivu kabisa kama mtu anayefurahia kitu. Hata akatikisa kichwa kidogo, kuonyesha kwamba anaifuata sauti inavyopanda.

Akangoja. Kiti hakikulia. Bega likaanza kuuma. Akajiambia spika za Mwalimu ni nzuri, sauti inafika mbali, wazee hawa wana masikio. Akangoja tena. Kuna harufu ya manukato ikampitia, kama mtu amepita karibu yake. Hapo ndipo alipofumbua macho.

Mikono ya wenzake yote ilikuwa imeshuka. Shemeji alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti chake, anamtazama. Mwalimu anamtazama. Kompyuta ilikuwa imefungwa, imewekwa juu ya meza, na Binti alikuwa amesimama mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa.

"Imeisha lini?" Fundi akauliza, mkono bado uko juu.

"Muda mrefu, fundi," akasema Binti. "Nimekuita mara mbili nikiwa nyuma yako. Kwa sauti ya chini, lakini nimekuita."

Shemeji alifungua mdomo. Utani ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, ulionekana. Akaufunga mdomo, akatazama viatu vyake. Loo! Kuliko huruma ya mtu mtani, afadhali angecheka.

Fundi akashusha mkono.

Mama ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ameshika masikio yake mawili kwa viganja, kama mtu mwenye baridi.

"Hiyo sauti ilipofika katikati imenichoma mpaka machozi," akasema. "Ni ileile, baba. Ileile inayonitoa hapa kila siku. Ilianza spika ziliporudi kutoka kwa fundi. Miezi minane nakaa jikoni mume wangu akisikiliza muziki. Nilidhani ni uzee. Nilidhani mimi ndiye mgonjwa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililommaliza Fundi. Miaka thelathini na nane wale wawili walisikiliza muziki pamoja kila alasiri, mtaa wote ulijua, na yeye kwa bisibisi yake alikuwa amemtoa mama wa watu sebuleni kwake. Na mzee amehangaika kununua dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Aliona aibu, na nyuma ya aibu aliona kitu kibaya zaidi, maana akili yake ilikuwa imeshaanza kutembea nyumba hadi nyumba za wateja wote aliowatolea rizista. Kwa mkunga. Kwa dereva wa gari la wagonjwa. Kwa yule mama wa ghorofa ya pili, mwenye mtoto mchanga, aliyerudi karakanani akisema redio ikiwashwa mtoto analia, na yeye akamjibu kwamba watoto hulia.

"Mwalimu," akasema, "naomba nifungue spika zako."

Hakuna aliyemzuia. Alipiga magoti, akatoa bisibisi mfukoni, akafungua ya kwanza, na pale nyuma ya twita palikuwa na kazi yake mwenyewe, waya uliounganishwa moja kwa moja, risasi ya kuchomelea ikiwa safi, inang'aa. Ilikuwa kazi nzuri. Mkono haukuwa na kosa lolote. Akamtuma Shemeji karakanani na funguo amletee pasi ya kuchomelea na kopo la rizista vilivyo juu ya rafu, na Shemeji, mtu wa tumbo lile, akaenda mbio na kurudi anahema bila kulalamika hata neno. Binti akashika tochi. Fundi akachomelea rizista kwenye spika zote mbili, akafunga, akasogea pembeni.

"Mama," akasema, "naomba ukae hapa katikati. Utaniambia wewe."

Mama akaondoka kwenye kiti cha mlangoni, akaja akakaa katikati. Binti akafungua kompyuta, akapiga ule wimbo wa bendi, akichukua faili lolote tu, hakuna aliyeuliza lipi. Mama alikuwa amekunja uso akisubiri kuchomwa. Uso ukakunjuka taratibu. Akaegemea. Mwalimu akavuta kiti chake, akakaa kando yake, na mikono yao ikakutana kama ya watu waliopotezana stesheni.

"Ndio huu," Mama akasema. "Ndio huu wenyewe."

Fundi alisimama kando ya spika, kiganja juu ya karatasi yake. Karatasi ilitetemeka vizuri. Kwake yeye muziki ulikuwa uleule wa mwanzo. Hakukuwa na kilichobadilika hata chembe.

Wimbo ulipofika mwishoni, wale wengine wote wanne walitabasamu kwa pamoja, ghafla, wakatazama juu kama kuna ndege amepita sebuleni.

"Umeisikia hiyo, fundi?" akauliza Shemeji, amesahau. "Hicho kikengele?"

Wakakumbuka wote kwa mara moja. Binti akanyoosha mkono azime.

"Acha," Fundi akasema. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia akitamka maneno yale, si karakanani, si nyumbani mbele ya mkewe. "Sijasikia. Sisikii kitu huko juu. Ni mwaka sasa."

Akafuta bisibisi kwa leso, akairudisha mfukoni, kisha akamgeukia Binti.

"Dada, kesho una nafasi? Kuna nyumba nyingine thelathini na moja, na ninahitaji mtu wa kusikia."